Majumba Marefu Gitega: Ngazi Itangulie Jumba

Tangu Bunge la Burundi lilipopiga kura mwezi Januari 2019 na kuufanya mji wa Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi, kuna mjadala unaosikika barazani, dukani, garini na hata katika mabweni ya askari. Mjadala huo unahusu sura ya mji. Je, Gitega ijenge majumba marefu ya ghorofa kama yale ya Nairobi, Dar es Salaam na Kigali? Au ibaki kuwa mji wa nyumba fupi za matofali ya kuchoma na mapaa ya vigae, kama tulivyoizoea?

Kila mwenye ulimi anatoa rai yake. Mfanyabiashara husema la biashara, fundi husema la ufundi, na mzee wa mtaa husema la desturi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye aghalabu haulizwi, naye ndiye atakayeitwa usiku wa manane siku jumba litakaposhika moto au kuporomoka. Mtu huyo ni askari: wa jeshi, wa polisi na wa zimamoto. Makala haya yanakusudia kuzipima rai zote kwa haki, kisha kuiweka mezani rai ya askari, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo iliyopasa kutangulia.

MJI ULIOBADILI SURA MARA NYINGI

Mjadala wa namna hii si mgeni katika Gitega. Kabla ya mji wenyewe kuwako, wafalme wa Burundi walikuwa na makao yao Gishora, mwendo wa kilomita chache kutoka katikati ya mji wa leo. Jumba la mfalme lilikuwa la mviringo, limeezekwa kwa nyasi mpaka chini, na limezungukwa na rugo. Fahari yake haikuwa kimo chake bali ngoma zilizotunzwa humo, ngoma ambazo mchezo wake wa kifalme uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwaka 1912 Wajerumani waliuchagua mlima huu kuwa makao ya utawala wao, wakajenga boma, na mji ukaandikwa Kitega katika ramani zao. Wakaja Wabelgiji, na mwaka 1955 likaanzishwa Jumba la Makumbusho ya Taifa ambalo wageni hulitembelea hadi leo. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Bujumbura ndiyo iliyobeba jukumu la mji mkuu, nayo ikajengwa kwa zege na saruji kando ya Ziwa Tanganyika. Kisha, katika mwezi Desemba 2018, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa makao makuu ya kisiasa yatarudi Gitega, na Bujumbura itabaki kuwa kitovu cha uchumi.

Kwa hiyo kila utawala uliopita hapa uliacha alama yake juu ya mlima. Swali la leo ni alama gani tutakayoiacha sisi, na iwapo alama hiyo itawafaa wakazi wa Magarama, Shatanya, Nyamugari na Musinzira, au itawapendeza wapita njia tu.

RAI YA WANAOYATAKA

Wenye kuyataka majumba marefu wana hoja nzito, na si haki kuwacheka kwamba wamelewa fahari. Hoja yao ya kwanza ni ardhi. Nchi yetu ina kilomita za mraba 27,834 tu, na sehemu yake ni maji. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu 8,053,574, na sasa idadi hiyo imepita milioni 12. Kila kilima kimelimwa. Migomba, maharage na mibuni imefika mpaka mlangoni. Mji unapotanuka ubavuni hula shamba la mtu. Familia mia moja zikipewa kila moja kiwanja chake, kilima kizima kimekwisha. Familia hizo hizo zikipangwa moja juu ya nyingine, sehemu kubwa ya kilima hubakia kwa jembe. Mtu anayesema kuwa ghorofa ni rafiki wa mkulima hasemi upuuzi.

Hoja ya pili ni huduma. Mwananchi anayetoka Muyinga kufuata hati zake huweza kuzunguka mji mzima kutoka ofisi hii hadi ile, akalala njiani na kumaliza nauli. Ofisi zikiwa katika jumba moja atapanda na kushuka, na jioni atakuwa safarini kwenda kwao.

Hoja ya tatu ni heshima ya taifa. Wasemao hivyo huelekeza kidole Kigali, ambako mnara wa Kigali City Tower wenye ghorofa 20 ulikamilika mwaka 2011, na ambako ukumbi mkuu wa mikutano uliofunguliwa mwaka 2016 una kuba lililotokana na umbo la jumba la wafalme wa Nyanza. Huelekeza kidole pia Nairobi, kwenye Jumba la Mikutano la Kenyatta lililofunguliwa mwaka 1973. Jumba hilo lina ghorofa 28 na kimo cha mita 105, na ubavuni mwake pana ukumbi uliochongoka kama paa la msonge. Majengo hayo mawili yanathibitisha kwamba jumba la kisasa linaweza kusema lugha ya kwao. Si lazima liwe sanduku la kioo lililookotwa katika kitabu cha mgeni.

RAI YA WASIOYATAKA

Upande wa pili nao una watu wenye akili timamu. Wao husema kwamba majumba marefu ni mtoto wa ardhi ghali. Yalizaliwa Chicago, Marekani, ambako mwaka 1885 lilimalizika jumba la ghorofa 10 linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza la aina yake, kwa sababu uzito wake ulibebwa na mifupa ya chuma badala ya kuta. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1850, Elisha Otis alikuwa amekwisha kuonyesha lifti isiyoanguka hata kamba yake ikikatika. Chuma, lifti na bei kubwa ya kiwanja ndivyo vilivyousukuma mji ule kwenda juu. Je, Gitega imefika huko? Au tunataka kuvaa joho kabla ya kumaliza kusoma?

Wanasema pia kuhusu hali ya hewa. Gitega iko juu ya mlima, karibu na kimo cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Upepo wake ni wa baridi na ni wa bure. Nyumba ya matofali yenye madirisha yanayofunguka haihitaji mashine ya kupoza hewa. Lakini jumba la kioo kilichofungwa hukusanya jua tangu asubuhi, na aliyemo ndani huomba mashine. Mashine huomba umeme. Umeme ukikatika, jenereta huomba mafuta. Na nchi isiyo na bandari ya bahari hulazimika kuyaleta mafuta hayo kwa malori kutoka mbali. Hivyo kioo kinachong'aa barabarani huwa ni deni linalolipwa kila mwezi.

Watu hawa hutoa mfano wa karibu, nao ni wa Muyinga. Mwaka 2012 ilikamilika huko maktaba iliyosanifiwa na BC Architects wa Ubelgiji pamoja na wenyeji, ikiwa ni sehemu ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo wa pale pale, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa kwa kuni. Boriti zake ni za mikaratusi, vigae vyake ni vya udongo wa kuchoma, na ndani pametundikwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala na kusoma. Upande mmoja kuna baraza ndefu yenye kivuli, kama desturi ya nyumba zetu. Jengo hilo si refu, wala halikugharimu mamilioni ya fedha za kigeni, lakini wasanifu wa nchi nyingi wamelitazama na kujifunza. Fundi aliyefyatua matofali yake anaweza kuyafyatua tena kesho kwa nyumba nyingine.

Upo mfano mwingine, wa jirani zetu wa Tanzania. Walipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango wa mji uliotolewa mwaka 1976 na wataalamu wa Kanada ulikusudia mji wa majengo ya kimo cha wastani, wenye njia za miguu na za mabasi, ambamo makazi yangekuwa karibu na kazi na bustani. Wapangaji walikwepa kwa makusudi minara ya kuonyesha ukubwa wa serikali. Leo Dodoma nayo ina majumba ya ghorofa nyingi, lakini fikra ile ya kwanza inabakia kuwa somo: mji mkuu unaweza kuheshimika bila kumtisha raia.

RAI YA ASKARI

Sasa tuje kwa yule asiyeulizwa. Askari halitazami jumba kama mnunuzi anavyolitazama. Waswahili walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Askari huingia ndani na kuuliza maswali matatu. Moto ukiwaka, watu watatokea wapi? Maji yatafikaje juu? Jumba likianguka, nani atawafukua walio chini yake?

Tuanze na maji, maana ni hesabu nyepesi. Maji yanapopandishwa mita 10 hupoteza msukumo wa takriban bar 1, kipimo kile kile ambacho madereva hukitumia kupimia upepo wa magurudumu. Jumba la ghorofa 20 lina kimo cha mita 60 au zaidi. Basi bar 6 hupotea kabla tone moja halijamwagika kwenye ghorofa ya juu. Bomba la mtaani haliwezi kuufanya mzigo huo. Ndiyo maana jumba refu hutakiwa kuwa na tangi lake, pampu zake na bomba nene la kupanda kutoka chini hadi juu, lenye mahali pa kuunganisha mpira katika kila ghorofa. Bila bomba hilo askari wa zimamoto atasimama chini na mpira mkononi kama mtu anayemwagilia bustani, huku moto ukiwaka juu ya kichwa chake.

Kisha ngazi. Gari la zimamoto lenye ngazi ya mita 30 hufika ghorofa ya tisa au ya kumi hivi, na hilo ikiwa barabara ni pana na gari linaweza kusimama karibu. Juu ya hapo hakuna njia ila ngazi ya ndani. Askari atapanda kwa miguu akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, ambao katika kazi nzito hudumu kwa takriban nusu saa, ilhali wenye jumba wanashuka kwa ngazi hiyo hiyo. Ngazi ikiwa moja, nyembamba na isiyo na mlango wa kuzuia moshi, wapandao na washukao watakutana katika giza.

Hayo si mambo ya kufikirika. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulilishika jumba la Grenfell mjini London, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu. Ulianzia katika jokofu la nyumba moja, ukatoka dirishani, ukashika mabamba yaliyobandikwa nje ya jumba kwa ajili ya kulipendezesha na kulikinga na baridi. Ndani ya mabamba hayo mlikuwa na plastiki inayowaka. Wakazi waliambiwa wabaki ndani ya vyumba vyao, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyokuwa. Amri ya kutoka ilitolewa baada ya karibu saa mbili tangu moto kuanza. Watu 72 walikufa, katika mji tajiri wenye kikosi cha zimamoto cha siku nyingi. Ikiwa London ilishindwa kwa sababu ya bamba baya na amri iliyochelewa, na sisi tujiulize vema kabla ya kubandika chochote ukutani kwa ajili ya urembo.

JUMBA LINAPOANGUKA

Moto ni adui mmoja. Adui wa pili ni tamaa ya mjenzi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jumba la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Ilibainika kuwa ghorofa zilizojengwa zilikuwa zimepita zile zilizoruhusiwa na kibali. Askari, mafundi na raia walifukua kifusi, wengine kwa mikono mitupu, mpaka mashine zilipofika. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine likaanguka katika soko la Kariakoo, mji ule ule, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hilo halikuwa mnara. Lilikuwa jengo la ghorofa chache tu. Walionaswa chini yake walipelekewa maji na hewa kupitia matundu huku waokoaji wakichimba kwa uangalifu.

Mjini Nairobi, katika mtaa wa Huruma, jengo la kupangisha liliporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa. Watu wapatao 50 walikufa. Lakini wanajeshi, vijana wa huduma ya taifa na wenzao hawakukata tamaa: mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai baada ya saa 80 hivi, na watu wengine wakatolewa hai siku ya sita. Hapo askari ajifunze kwamba kifusi si kaburi mpaka kimethibitishwa kuwa kaburi. Ajifunze pia kunyamazisha mashine kila baada ya muda na kusikiliza, kwa maana sauti ya mtu aliyefunikwa haishindani na injini.

Zege lina siri ambayo kila mlinzi wa mahali pa ujenzi anaweza kuijua. Halikauki kwa jua kama nguo. Hukomaa kwa maji, na desturi ya wahandisi ni kulipima nguvu siku ya 28. Mjenzi mwenye haraka huondoa mbao za kushikilia mapema, hupunguza nondo, huongeza mchanga mahali pa saruji, kisha hupachika ghorofa ambayo haikuwamo katika mchoro. Nyufa zikionekana, hupaka rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Na katika jumba la ghorofa usipoutangaza ufa utachimba makaburi.

Tusisahau tetemeko la ardhi. Burundi iko kando ya bonde la ufa. Mwezi Februari 2008 ardhi ilitikisika upande wa Bukavu na kuua watu Kongo na Rwanda. Mwezi Septemba 2016 ikatikisika upande wa Bukoba, kwa nguvu ya 5.9, na watu wasiopungua 16 wakafa. Sisi tuko katikati ya miji hiyo miwili. Nguzo ya jumba refu la Gitega sharti isanifiwe kwa kutikiswa, siyo kwa kusimama tu.

Lipo na jambo la kioo. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu, jengo la jirani liliporomoka, na jumba refu lililokuwa karibu likabaki limesimama bila vioo vyake. Watu wengi walikuwa wamekwenda dirishani kutazama baada ya kusikia mshindo wa kwanza mdogo. Mshindo mkubwa ulipokuja, vioo vikawapofua. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku hiyo. Mlinzi wa jumba la kioo ajue kwamba kazi yake ya kwanza mshindo ukisikika ni kuwaondoa watu madirishani.

MASOMO YA NYUMBANI

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya miji ya wengine. La, hata kwetu yapo. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Mali ya maelfu ya wafanyabiashara ikawa majivu, na Rwanda ikapeleka helikopta za jeshi lake kusaidia kuuzima moto. Tuliwashukuru majirani, lakini helikopta ya jirani haiwezi kuwa ndiyo mpango wa zimamoto wa mji.

Na hapa hapa Gitega, alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, moto uliwaka katika gereza la mji. Watu 38 walikufa. Wizara ya Mambo ya Ndani ilieleza kwamba chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme. Gereza hilo lilijengwa kwa watu 400, na siku ile lilikuwa na wafungwa zaidi ya 1,500. Polisi waliwabeba majeruhi kwa magari yao kuwapeleka hospitali. Gereza si mnara, na waliokufa hawakuwa ghorofa ya ishirini. Walikuwa juu ya ardhi kama wewe na mimi. Somo lake ni kwamba moto hauhesabu ghorofa. Huhesabu idadi ya watu, idadi ya milango na idadi ya dakika zinazopita kabla maji hayajafika. Mji ambao umekwisha kufundishwa somo hilo kwa bei ya roho 38 hauna ruhusa ya kulisahau unapopanda juu.

NINI KIFANYIKE

Basi rai ya makala haya si kwamba Gitega isijenge kwenda juu. Hoja ya ardhi ni ya kweli, na watoto wa leo watahitaji mahali pa kulala kesho bila kuyala mashamba ya wazazi wao. Rai yetu ni kwamba ngazi itangulie jumba. Urefu wa majumba usipite urefu wa uwezo wetu wa kuyazima, kuyakagua na kuwatoa waliomo.

Kwanza, kimo cha jumba kipimwe kwa kikosi cha zimamoto kilichopo mjini, siyo kile kinachoahidiwa. Ikiwa ngazi yetu hufika ghorofa ya tano, basi jumba la ghorofa ya sita na kuendelea lisipewe kibali mpaka liwe na ngazi mbili za ndani zilizotengana, milango ya kuzuia moshi, tangi, pampu na bomba la kupanda.

Pili, maji ya zimamoto yawekwe barabarani kabla ya msingi kuchimbwa, na barabara iachwe pana kiasi cha gari kubwa kugeuka. Mtaa kama Magarama ukijazwa majumba kabla ya maji na njia, kuyaingiza baadaye kutakuwa ni kubomoa.

Tatu, mkaguzi wa ujenzi apewe ulinzi na heshima ya askari aliye kazini. Akisimamisha jengo kwa ajili ya ufa, isiwepo simu ya mkubwa wa kumwambia alegeze. Polisi anayelinda mahali pa ujenzi naye aone ni wajibu wake kutoa taarifa akiona ghorofa imezidi mchoro.

Nne, vikosi vyetu vifundishwe. Polisi ajue kwamba jengo linalotishia kuanguka huhitaji kamba ya kuzuia watu kwa umbali usiopungua mara moja na nusu ya kimo chake. Jumba la mita 20 hutaka mita 30 kila upande, hata kama wenye maduka watalalamika. Mwanajeshi ajue kufukua kifusi kwa mkono kabla ya mashine. Na wenye majumba walazimishwe kufanya mazoezi ya kushuka ngazi.

Juu ya mazoezi hayo, kuna habari ya askari mmoja inayostahili kusimuliwa katika kila kambi. Rick Rescorla alizaliwa Cornwall, Uingereza, akawa ofisa wa jeshi la Marekani na kupigana Vietnam. Baada ya kutoka jeshini alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, iliyokuwa na ofisi katika mnara wa kusini wa World Trade Center mjini New York, mnara wa ghorofa 110. Baada ya shambulio la mwaka 1993 alitambua kwamba adui angeweza kurudi, akawalazimisha wafanyakazi, wakubwa kwa wadogo, kushuka ngazi kwa mazoezi mara kwa mara. Wengi walimwona msumbufu. Tarehe 11 Septemba 2001 mnara wa kaskazini ulipopigwa, watu wa mnara wa kusini walitangaziwa wabaki mahali pao. Rescorla hakungoja. Alishika kipaza sauti akawashusha watu wake wawili wawili, huku akiwaimbia nyimbo ili wasiingiwe na hofu. Takriban wafanyakazi 2,700 wa kampuni ile walitoka wakiwa hai. Yeye alionekana kwa mara ya mwisho akipanda kurudi juu kuwatafuta waliobaki.

Mpanda ngazi hushuka, ndivyo tulivyofundishwa na wazee. Rescorla hakushuka, lakini aliwashusha wengine, kwa sababu alikuwa ameijua ngazi ya jumba lake kabla ya siku ya msiba.

Ndugu askari, yamkini hutaulizwa rai yako siku mchoro wa jumba jipya utakapobandikwa ukutani. Itoe hata hivyo, kwa njia ya amri na kwa adabu ya kazi yako: kwa mkuu wako, kwa mkaguzi, na kwa mwenye jumba utakayepewa kumlinda. Uliza ngazi ni ngapi. Uliza maji yanatoka wapi. Panda mwenyewe hadi juu kwa miguu, hesabu hatua, kisha shuka gizani ukiwa umefumba macho. Ukiweza kutoka, jumba hilo linafaa kujengwa Gitega.